Kitabu cha hospitali kimeandika uongo wetu

USIKU wa Jumamosi moja mwaka 2018 nilikuwa nimeketi kwenye benchi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya umma hapa nchini. Nilikuwa nimempeleka kijana wangu aliyevunjika mkono akicheza kandanda, na foleni ilikuwa ndefu. Mnamo saa nne hivi aliletwa msichana wa miaka kama kumi na tisa. Mjomba wake alikuwa amembeba, na mamaye alikuwa akifuata nyuma, leso imemtoka begani.

"Amekula nini?" muuguzi akauliza, kalamu i mkononi tayari.

"Ni ajali tu, sista," mjomba akajibu upesi. "Alikunywa dawa akidhani ni ya kikohozi."

Muuguzi akamgeukia mama. "Ni kweli, mama?"

Mama akatazama sakafu. "Ni hivyo alivyosema mjomba wake, sista."

Muuguzi akaandika neno "ajali" katika kitabu, kisha akaingia katika kazi ya kumwokoa msichana. Kazi hiyo waliifanya vyema yeye na daktari wa zamu, na kufikia alfajiri hatari ilikuwa imepita.

Kabla sijaondoka na kijana wangu nilimwuliza muuguzi yule kama aliamini maneno ya mjomba. Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mzee, wa namna hii nawapokea karibu kila wiki. Nikiandika ukweli, askari atakuja kusimama hapa kitandani kana kwamba nimelaza mwizi. Sasa niandike nini?"

Juma lililofuata nilipomrudisha kijana akaguliwe mkono, nilipita katika wadi ile. Msichana alikuwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hakupewa siku ya kurudi. Hakuna aliyechukua namba ya simu ya mamaye. Hakuna aliyeagizwa kwenda kumjulia hali.

Kwa mujibu wa kitabu cha hospitali, usiku ule hakuna mtu aliyejidhuru. Kulikuwa na ajali moja, basi.

Nimekaa na jambo hilo moyoni miaka hii yote, na leo nataka kukueleza nilikofikia. Naamini kwamba kila hospitali ya kaunti inapaswa kuwa na rejista ya watu wanaoletwa wakiwa wamejidhuru, ukweli uandikwe humo bila woga, na kila aliyeandikwa afuatiliwe kwa miezi kadha baada ya kurudi nyumbani. Mtu tuliyemwandika uongo hatuwezi kumsaidia, kwa sababu katika hesabu zetu hayupo.

Tarakimu zinazotatanisha

Hebu tuanze na zile tarakimu tulizo nazo. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijitoa uhai duniani kote. Karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya wastani, nchi kama yetu. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Na shirika hilo hilo linasema kwamba kwa kila anayekufa, kuna zaidi ya watu 20 waliojaribu na wakanusurika.

Soma sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili, msomaji. Hao zaidi ya ishirini wangali hai. Wamepita mikononi mwa wauguzi, au wamelala nyumbani wakinyweshwa maziwa na shangazi aliyeambiwa asitoe siri. Ndio watu ambao bado tunaweza kuwafikia, na ndio ambao vitabu vyetu haviwaonyeshi.

Sasa tazama hapa kwetu. Mnamo 2021 Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ilitangaza kwamba watu 483 walikuwa wamejiua katika muda wa takriban miezi mitatu, idadi iliyozidi ile iliyoripotiwa katika mwaka mzima uliotangulia. Wengi walishtuka, na ilikuwa haki yao kushtuka. Lakini mtu mwenye kuzoea hesabu atauliza swali moja: je, vifo viliongezeka kiasi hicho kwa ghafla, ama ni kuripoti kulikoongezeka?

Inawezekana kwamba ni yote mawili. Miezi ile ilikuwa ya dhiki, corona ikiwa imefunga biashara na kuwaacha wengi bila kazi. Hata hivyo tarakimu za polisi hupanda na kushuka kwa sababu nyingine pia. Hupanda pale ambapo chifu ni mwangalifu na kituo kiko karibu. Hushuka pale ambapo jamaa huzika upesi na kusema marehemu aliumwa tumbo. Ukiona kaunti moja imetajwa kuwa na visa vingi kuliko jirani yake, usikimbilie kusema watu wa huko wamekata tamaa kuliko wengine. Yamkini ni kaunti iliyojua kuandika.

Kuhusu vifo, angalau kuna mahali ambapo wataalamu wamejitahidi kuutafuta ukweli. Kule Siaya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) imekuwa kwa miaka mingi ikituma watu nyumba kwa nyumba kuuliza jamaa jinsi mpendwa wao alivyofariki. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani hapa Nairobi kazi kama hiyo ilianzishwa mapema katika miaka ya 2000. Wanaouliza maswali hayo hawana bunduki wala pingu, nao hufika wakati matanga yamekwisha na machozi yamepungua. Ndiyo maana huambiwa mambo ambayo hayamo katika kitabu cha matukio cha polisi.

Lakini hizo ni hesabu za waliokufa. Nani anawahesabu walionusurika?

Sheria iliyotufunza kusema uongo

Mjomba wa yule msichana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimlinda mpwawe kutokana na sheria.

Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilisema kwamba mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka miwili. Kanuni hizo tuliachiwa na serikali ya kikoloni, na zilianza kutumika mwaka 1930. Kinachoshangaza ni kwamba Waingereza wenyewe waliondoa kosa hilo katika sheria zao mwaka 1961, miaka miwili kabla ya sisi kupata uhuru. Waliotuletea mzigo waliutua, sisi tukaendelea kuubeba kwa zaidi ya miaka sitini.

Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Katiba ya 2010 inampa kila mmoja wetu haki ya kutobaguliwa, haki ya kuheshimiwa utu wake, na haki ya kupata huduma bora za afya kadiri iwezekanavyo. Kumshtaki mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake ni kumnyang'anya haki hizo zote kwa mpigo mmoja. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani kulilia jambo hilo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini.

Siku hiyo hiyo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa mwaka 2024 yalikuwa yakitangazwa. Kwa hivyo magazeti na redio zilijaa habari za shule bora na watahiniwa bora, na uamuzi wa Jaji Mugambi haukupata nafasi uliyostahili. Nakuomba usimwache jirani yako aendelee kuamini kwamba akimpeleka mwanawe hospitali, mwana huyo atatoka akielekea korokoroni.

Kuna wasomaji watakaosema, kama walivyosema wengi kabla ya uamuzi huo, kwamba sheria ikilegezwa watu watajiua ovyo. Naheshimu hofu yao, lakini sikubaliani nao. Mtu aliyefika mahali pa kutaka kufa hawezi kuogopa kifungo cha miaka miwili. Aliyeogopa sheria hiyo ni yule aliyebakia hai, pamoja na mamaye, mjomba wake na muuguzi. Iliwafunza wote watatu kunyamaza, na ikamwacha mgonjwa peke yake.

Mahakama imeondoa kifungu, lakini tabia tuliyojifunza kwa miaka tisini haiondoki kwa kalamu ya jaji. Mpaka leo kuna jamaa wanaosema "ajali", na kuna wahudumu wanaoandika hivyo hivyo bila kuuliza mara mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa sisi tumeyaficha maradhi katika kitabu cha serikali.

Waliohesabu wakaokoa

Labda utaniuliza: kuandika kutasaidia nini? Je, kalamu inaponya?

Chukua mfano wa Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi. Mwaka 1995 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza duniani kwa watu kujiua, karibu watu 47 kwa kila 100,000. Walichokuwa nacho ni hesabu. Polisi na hospitali zao zilikuwa zimeandika kwa makini, na ukizifungua kumbukumbu hizo ulikuta kwamba wengi waliokufa walitumia dawa kali za mashambani zilizokuwa zikiuzwa kila duka. Serikali ikaanza kuziondoa sokoni zile zilizo hatari zaidi, moja baada ya nyingine, na kuwaachia wakulima zisizoua kwa urahisi. Kufikia 2015 kiwango cha vifo kilikuwa kimeshuka kwa takriban asilimia 70. Watafiti wanakadiria kwamba katika miaka hiyo ishirini watu wapatao 93,000 waliokolewa. Na mazao ya mashambani hayakupungua kwa sababu hiyo.

Wengi hudhani kwamba anayetaka kufa atakufa tu, ukimzuia huku atapitia kule. Sri Lanka inatuonyesha kwamba sivyo. Mara nyingi kishawishi hicho huja kwa nguvu na kupita, kama wimbi. Kama kitu cha hatari hakipo karibu katika saa ile, mtu huishi, na wengi mno wa wanaonusurika huishi hadi uzeeni bila kufa kwa njia hiyo.

Hapa kwetu Wizara ya Kilimo mnamo 2025 ilitangaza hatua za kuondoa sokoni dawa nyingi za mashambani na kuzizuilia nyingine matumizi. Ni jambo la kupongezwa. Lakini ili kujua ni zipi zinazomaliza watoto wetu, bodi inayosimamia dawa hizo inahitaji kuambiwa na hospitali. Hospitali ikiandika "ajali" tu, bodi itabaki kukisia.

Mfano wa pili ni wa nchi tano kwa pamoja: Brazil, India, Sri Lanka, Iran na Uchina. WHO ilisimamia uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu wagonjwa 1,867 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu moja ilipewa matibabu ya kawaida, ikarudi nyumbani. Nusu ya pili ilipewa matibabu hayo hayo, pamoja na mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi kumi na minane. Waliokuwa wakiwatembelea hawakuhitaji kuwa mabingwa wa magonjwa ya akili. Walikuwa wauguzi, madaktari na wanasaikolojia waliofunzwa kazi hiyo.

Baada ya miezi kumi na minane, katika kundi la kwanza asilimia 2.2 walikuwa wamekufa kwa kujiua. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 0.2. Saa moja ya mazungumzo na salamu tisa! Nimeona mipango mingi ya serikali iliyogharimu mabilioni na isiyoleta sehemu ya kumi ya faida hiyo.

Lakini ili umpigie mtu simu ni lazima uwe umeandika namba yake, na ni lazima uwe umejua kilichomleta.

Rejista ingetuambia nini?

Mwaka 2016 WHO ilichapisha mwongozo wa kuzisaidia nchi kuanzisha rejista za hospitalini za watu waliojidhuru. Ireland imekuwa na yake ya taifa zima tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutokana nayo wamejua kwamba wagonjwa wao wengi hufika usiku, kwamba Jumapili na Jumatatu huwa na visa vingi kuliko siku nyingine, na kwamba pombe huhusika mara nyingi. Mkuu wa hospitali akijua hayo, anajua pia ni saa ngapi amweke kazini mshauri nasaha. Akikosa kuyajua atamweka mshauri huyo Jumatano saa tatu asubuhi, wakati benchi ni tupu.

Sisi tungejifunza mambo yetu wenyewe. Je, katika kaunti za kahawa na chai visa hupanda wakati malipo ya wakulima yanapochelewa? Je, Januari, matokeo ya mitihani yanapotangazwa, hospitali huwapokea vijana wengi zaidi? Je, katika miji yetu kuna uhusiano na madeni ya mikopo ya simu na michezo ya kamari? Wanawake wajawazito je? Na wanaume wa makamo waliofutwa kazi? Kila mmoja wetu ana jibu lake analolitoa katika matatu au kwenye kinyozi, lakini hayo ni maoni. Gavana hawezi kupanga bajeti kwa maoni ya kinyozi.

Jambo moja limeonekana katika nchi nyingi: wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaokufa, zaidi ya maradufu ya wanawake ulimwenguni, ilhali miongoni mwa wanaojidhuru na kunusurika wanawake na wasichana huwa wengi. Kwa hivyo taifa linalohesabu vifo peke yake huwaona wanaume tu na kuwasahau mabinti zake. Ndivyo alivyosahaulika yule msichana wa mwaka 2018.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nami nitazijibu mbili.

Ya kwanza ni ya siri. Nani atakayetaka jina la mwanawe liwe katika kitabu kama hicho? Jibu ni kwamba jina lisitoke nje ya hospitali. Jina na simu vibaki kwa yule muuguzi atakayemfuatilia mgonjwa. Kinachopelekwa kwa waziri wa afya wa kaunti ni umri, jinsia, lokesheni, siku na kilichotumika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa za faragha kabisa, na anayezianika anaweza kushtakiwa. Polisi wasiruhusiwe kuifungua rejista hiyo.

Ya pili ni ya kazi. Wauguzi wetu wamelemewa, na tunawaongezea kitabu kingine? Nawahurumia, kwa maana nimewaona wakifanya kazi. Hata hivyo tayari wanaandika; ninachoomba ni safu moja ya ziada yenye nafasi tatu: ajali, kujidhuru, na haijulikani. Nafasi hiyo ya tatu ni muhimu. Muuguzi si jaji. Akiona mjomba anajibu kwa niaba ya mgonjwa na mama anatazama sakafu, aweke alama kwenye "haijulikani", ili kesho yake mtu mwenye nafasi akae na mgonjwa faraghani amwulize kwa upole. Na kuhusu zile salamu tisa, mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa simu za mkononi na mikoba. Wanaokwenda kumpima mzee sukari wanaweza, wakifunzwa na wakifundwa kutunza siri, kumjulia hali kijana aliyetoka hospitali.

Mkakati wa taifa wa kuzuia watu kujiua, wa miaka 2021 hadi 2026, ulizinduliwa kwa mbwembwe. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022. Makaratasi tunayo. Kilichokosekana ni mstari ule mmoja katika kitabu cha wodi.

Tumewahi kufanya hivi

Msomaji wa umri wangu atakumbuka miaka ya tisini. Watu walikuwa wakifa kijiji baada ya kijiji, na katika kila mazishi tuliambiwa ilikuwa ni malaria, ni kifua kikuu, ni kurogwa. Neno ukimwi halikutamkwa mbele ya jeneza. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuanza kupima damu za akina mama waja wazito katika kliniki mbalimbali, bila kutaja jina la mtu, na hesabu hizo ndizo zilizowaonyesha wakubwa ukubwa wa janga. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Vikaja vituo vya kupimwa kwa hiari, vikafuata vidonge, na leo kuna watu waliokwisha kuchimbiwa kaburi wanaolea wajukuu.

Hatukuushinda ukimwi kwa kuuandika tu, lakini hatukuanza kupiga hatua mpaka tulipouandika. Nawe unajua aibu iliyokuwapo siku zile. Kama tuliweza wakati ule, tunaweza sasa.

Wewe ufanye nini?

Huenda wewe si waziri wala muuguzi. Bado una sehemu yako.

Siku ukimpeleka ndugu yako hospitali katika hali hiyo, mwambie daktari ukweli. Dawa anayompa inategemea ukweli huo, na sheria uliyokuwa ukiiogopa mahakama imekwisha kuibatilisha. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, uliza: "Arudi lini? Nani atakayempigia?" Ukiambiwa hakuna, weka wewe mwenyewe siku katika kalenda na umpigie. Nyumbani, dawa za mashamba na vidonge vilivyobaki vifungiwe kwa kufuli, na ufunguo uwekwe na mtu mwingine.

Ukimwona mtu amebadilika, hali wala halali, anagawa vitu vyake, anasema amekuwa mzigo kwa wengine, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usiogope kwamba utampa wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wanakubaliana kwamba kuulizwa kwa upole humpunguzia mtu mzigo. Kisha nyamaza umsikilize. Usimhubirie, usimwambie wengine wana shida kuliko yeye, na usimwache peke yake.

Nasi waandishi tujisahihishe. Mwaka 1987 mjini Vienna, Austria, magazeti yalikubali kuacha kusimulia kwa mapana visa vya watu kujiua katika reli ya chini ya ardhi, na visa hivyo vikapungua sana katika nusu ya pili ya mwaka huo. Kichwa cha habari kinachoeleza mtu alivyojiua hakimfunzi msomaji lolote la kumfaa.

Na kama wewe unayesoma haya ndiye uliyechoka, tafadhali usingoje Jumatatu. Zungumza leo na mtu mmoja unayemwamini. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini lina simu ya bure ya ushauri nasaha, namba 1199. Watoto na wanaowahofia watoto wanaweza kupiga 116, nayo ni ya bure. Befrienders Kenya wanapatikana kwa namba 0722 178 177. Au nenda hospitali yoyote iliyo karibu, useme kilichokupeleka.

Yule msichana, kama Mungu alimjalia, sasa amepita umri wa miaka ishirini na mitano. Huenda ana mtoto. Huenda anasoma gazeti hili. Ningependa ajue kwamba kuna mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi usiku ule ambaye hakuamini ilikuwa ajali, na ambaye angependa siku moja aingie katika hospitali ile ile akute kitabu kilicho na safu tatu, na muuguzi mwenye muda wa kupiga simu.